Mbwa wa Kazi Anakula Kila Siku: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Vikosi vya Mbwa

KWA: Waheshimiwa wenye dhamana ya usalama wa raia, maliasili, bandari na viwanja vya ndege
KUTOKA: Waongoza mbwa, wakufunzi na madaktari wa mifugo wanaohudumia mbwa wa kazi

YAH: MATUNZO YA MBWA WA KAZI NA ASKARI WANAOWAONGOZA

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii ilipaswa kubaki kwenye faili. Imetoka hadharani kwa sababu zilizotangulia ziligongwa muhuri wa "imepokelewa" na kujibiwa kwa maneno yale yale: suala lipo mezani, linafanyiwa kazi. Suala likiwa mezani, mbwa yuko bandani, na njaa yake haisubiri kikao.

Kwamba mbwa hawa wanafanya kazi, hakuna anayebisha. Meno ya tembo yakikamatwa, mbwa ndiye anayewekwa mbele ya kamera, ulimi nje, vielelezo vimepangwa nyuma yake. Picha hizo tunazipenda kama mnavyozipenda. Tunachokilalamikia kinaanza wapiga picha wakishaondoka.

Tukumbushane kidogo mbwa hawa walitufikiaje kwa wingi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu tembo 109,051 Tanzania. Ya mwaka 2014 ikakuta 43,330. Mei 2015 Singapore ilikamata tani 3.7 za meno ya tembo zilizofichwa ndani ya majani ya chai kutoka Kenya. Mzigo wa tani tatu na ushei ulikuwa umeshavuka bahari kabla ya kuonekana. Miaka ile ile shirika la African Wildlife Foundation likawa linafundisha mbwa na askari wa Kenya na Tanzania huko Usa River, karibu na Arusha, ili mzigo wa namna hiyo ukamatwe bandarini na uwanja wa ndege kabla haujapakiwa. Pua zilikuja kuziba pengo ambalo macho yetu yalishindwa kuliziba. Sasa pua hizo tunaziharibu wenyewe, na hapa chini tunaeleza jinsi.

1. Mbwa yumo kwenye leja ya vifaa

Mahali pengi mbwa hupokelewa kituoni kwa hati ile ile inayopokelea jenereta: namba, tarehe, thamani, saini ya mtunza stoo. Jenereta ikizimwa haili. Mara nyingi mbwa ameletwa na mfadhili, pamoja na gari, chakula cha miaka miwili na daktari wa mkataba. Mradi ukifika mwisho, gari linahamishiwa kazi nyingine (linakohamia kila mtu anakujua) na mbwa anabaki na namba yake ya leja. Kasma ya chakula chake, yaani fungu lake kwenye bajeti, haipo. Basi chakula kinaombwa kwenye "matumizi mengineyo", fungu lile lile linalotoa chai na vitafunwa vya vikao, na robo ya nne ya mwaka wa fedha ikifika fungu hilo limekauka. Malalamiko mengine yote katika barua hii yana mzizi hapa.

2. Chakula

Mbwa wa kilo 30, awe Malinois au German Shepherd, akifanya kazi kweli anahitaji takriban kilokalori 1,800 hadi 2,500 kwa siku. Kwa chakula kikavu kizuri hiyo ni gramu 500 hadi 650, yaani mfuko wa kilo 20 kwa mwezi. Maji ni lita 2 hadi 3, na siku ya kazi huzidi hapo.

Kinachotokea ni ugali wa sembe na mabaki ya mesi. Tumbo linajaa, misuli inaisha: mbwa anayekimbia huchoma mafuta kuliko wanga, na sembe haina mafuta wala protini ya kumtosha. Kisha mabaki yale yana vitunguu, ambavyo huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Mpishi hana kosa; hakuna aliyemwambia.

Saa ya kulisha nayo ni muhimu. Mbwa wa kifua kirefu aliyeshiba kisha akapelekwa mbio anaweza kujaa gesi, tumbo likajipinda na akafa ndani ya saa chache. Mlo mkubwa uje baada ya kazi, pumzi ikishatulia. Ratiba ya zamu inayopangwa bila kumuuliza mwongoza mbwa haiwezi kulizingatia hilo.

3. Ndorobo, kupe na sindano za kukadiria

Mbwa wanaofuata nyayo za majangili wanafanya kazi palepale ndorobo (mbung'o) walipo. Dalili za ugonjwa wanaoueneza ndorobo hao kwa mbwa ni homa inayokuja na kuondoka, uso kuvimba, tezi kukua, na jicho kuwa na ukungu wa rangi ya maziwa. Jicho likifikia hapo tumeshachelewa. Ndorobo huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Bado yapo magari ya doria yenye boksi la mbwa la bluu na blanketi jeusi ndani yake.

Tiba ipo na si ghali: dawa ya sindano iitwayo diminazini, miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito. Tatizo ni kipimo. Pakiti ya gramu 2.36 inayouzwa madukani imetengenezwa kwa ng'ombe wa kilo 300. Ikiyeyushwa kwenye mililita 15 za maji safi ya sindano, mbwa wa kilo 30 anastahili mililita 1.5, basi. Anayekadiria kwa jicho akavuta 3 amempa dozi mara mbili, na kwa mbwa nafasi kati ya kuponya na kudhuru ubongo ni ndogo sana kwa dawa hii. Kituo kisicho na mizani ya kumpima mbwa hakipaswi kuwa na sindano hiyo. Na kituo kisicho na darubini kinatibu kwa kubahatisha, kwa sababu homa ya kupe nayo huanza kwa uchovu na joto lile lile.

Homa ya kupe inayoharibu damu hujionyesha kwa ufizi mweupe na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Ufizi ukibonyezwa kwa kidole na kuachiwa, wekundu urudi kabla ya sekunde mbili. Ukichelewa, mbwa hatoki bandani siku hiyo. Ile nyingine, inayoletwa na kupe wa kahawia wa mabandani, hutibiwa kwa doksisaiklini siku 28. Hapa ndipo stoo inapotuangusha: siku ya kumi mbwa anachangamka, vidonge vilivyobaki vinawekewa mgonjwa mwingine, na miezi kadhaa baadaye yule wa kwanza anatokwa damu puani. Mbwa wa kunusa anayetokwa damu puani ana kazi gani?

Kuna jambo moja ambalo hata baadhi ya madaktari hawalijui. Metronidazoli, inayotolewa kwa haraka mbwa akiharisha, imeonekana kupunguza uwezo wa kunusa wa baadhi ya mbwa waliopimwa. Doksisaiklini haikuonyesha tatizo hilo. Mbwa aliyepewa metronidazoli apumzishwe, kisha apimwe kwa sampuli ya harufu iliyofichwa kabla ya kurudi zamu. Akirudi bila kupimwa, kituo kina mbwa anayepita kati ya mizigo na kuidhinisha asichokinusa.

4. Joto

Mbwa hatoi jasho la maana isipokuwa nyayoni. Hujipoza kwa kuhema, na mbwa anayehema hanusi, kwa sababu hewa inapita mdomoni badala ya puani. Ukaguzi wa saa saba mchana kati ya makontena ya Dar es Salaam au Mombasa ni ukaguzi kwa jina tu. Weka mgongo wa kiganja kwenye sakafu. Ukishindwa kuhesabu hadi saba, nyayo za mbwa zinaungua. Kazi ifanyike alfajiri au jioni, kwa vipindi vya dakika 20 hadi 30, kisha kivuli na maji.

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likipita 41 ni dharura. Mwongoza mbwa mzoefu huiona kabla ya kipima joto: ulimi unapanuka nchani kama kijiko, ufizi unakuwa mwekundu mno, mbwa anavuta kuelekea kivulini na mpira wake haumsisimui tena. Hapo mwili wote umwagiwe maji, tumbo na mapaja yasisahaulike, apepewe, ndipo apakiwe garini. Taulo lenye maji lisiachwe juu ya mgongo, linageuka blanketi. Wengi wanafanya kinyume: wanapakia kwanza, wanakimbilia mjini, mbwa anafia njiani ndani ya gari lililofungwa vioo. Nje pakiwa na nyuzi 30, gari lililofungwa hupita 40 kwa dakika kumi hivi.

Boksi la mbwa lenye matundu pande zote, feni na kipima joto mbele ya dereva ni kazi ya fundi mmoja wa kuchomelea, siku mbili.

5. Pua inavyopotea

Angalieni mbwa mzuri akipita kwenye kontena. Mwongoza mbwa anamwelekeza chini ya mlango, pale mpira wa kuzibia unapoishia, kisha anapandisha mkono kufuata ufa. Mkia unaenda kwa mdundo mmoja. Ghafla pumzi inakuwa fupi na yenye sauti, mwili unapita mbele lakini kichwa kinarudi nyuma, kana kwamba kimevutwa na uzi. Anarudi, anahakiki kwa kunusa mara mbili tatu, anakaa na kukodoa macho. Mpira wake wa kuchezea unadondoka mbele yake palepale. Mpira ule ndio mshahara, na kwa mbwa mshahara unaochelewa sekunde tatu umelipwa kwa kazi nyingine.

Ustadi huu hauna dhamana ya kudumu. Vikosi vingi duniani vinafuata kiwango cha saa 16 za mazoezi kwa mwezi, takriban nne kwa wiki. Mbwa anayekagua mabegi mwezi mzima bila kupata kitu, na bila kufichiwa sampuli ili apate, hujifunza kuwa kutafuta hakulipi. Anaendelea kutembea. Anaonekana yuko kazini.

Sampuli zenyewe zinatunzwa vibaya. Meno ya tembo, magamba ya kakakuona na dawa za kulevya vikiwekwa kabati moja, baada ya wiki chache vyote vina harufu ya vyote. Sampuli ikishikwa na mtu yule yule kwa mkono mtupu, mbwa anajifunza harufu ya mtu huyo. Zinahitajika chupa za kioo zenye vifuniko, kila aina na sanduku lake, glavu mpya kila mara, na mabegi matupu yaliyoshikwa na mkono ule ule yachanganywe kwenye mstari ili mbwa asibaki na njia ya mkato. Mabanda nayo yasioshwe kwa dawa kali za chooni: klorini sehemu moja kwa maji sehemu 30, suuza, kauka, ndipo mbwa arudishwe.

Na mazoezi yapimwe na mtu ambaye mwongoza mbwa hajui ameficha wapi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulizipima timu 18 mahali ambapo hapakuwa na sampuli hata moja. Waongoza mbwa walioaminishwa kwamba ipo wakatangaza kwamba mbwa wao wameiona. Mbwa husoma mabega yetu, kusitasita kwetu, mkono unaokaza kamba. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na kinyume chake nacho ni kweli. Bila kipimo cha namna hii, kielelezo kilichopatikana kwa mbwa kinaweza kuyumba mahakamani.

6. Uhamisho

Timu hujengwa kwa wiki kadhaa za darasa na miezi ya kujuana. Barua ya uhamisho huivunja kwa siku saba. Askari anapelekwa usalama barabarani, mbwa anakabidhiwa kwa aliyekuwa na nafasi siku hiyo, wakati mwingine mtu anayeogopa mbwa. Na kwa kuwa "kushika mbwa" hakuhesabiwi kama utaalamu kwenye muundo wa vyeo, askari mwenye akili huomba kuondoka mapema. Hatumlaumu.

7. Kustaafu

Mbwa wengi humaliza kazi wakiwa na umri wa miaka minane hadi kumi. Leja haina neno kustaafu. Ina "kuharibika" na "kufutwa". Marekani ilitunga sheria mwaka 2000 kuruhusu mbwa wa jeshi waliostaafu kuchukuliwa na watu wa kuwalea. Polisi wa Nottinghamshire, Uingereza, mwaka 2013 waliweka hadi pauni 500 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, za matibabu ya mbwa aliyestaafu. Nchi zile zina fedha, mtasema. Lakini Magawa, panya buku aliyezaliwa na kufundishwa Morogoro, alitunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia, na mwaka uliofuata akastaafu kwa heshima, akila ndizi na karanga. Panya kutoka Morogoro anastaafu. Mbwa wetu anafutwa.

Majibu tunayoyatarajia

"Hakuna fedha." Mwaka mmoja wa mbwa mmoja ni mifuko 12 ya chakula, chanjo ya kichaa cha mbwa na ile ya mchanganyiko, dawa ya minyoo mara nne, dawa ya kupe kila mwezi, slaidi za damu, na mipira ya mazoezi (ya mpira mgumu, kwani ile ya tenisi husaga meno). Iwekeni hesabu hiyo kando ya mafuta ya gari moja la msafara kwa robo mwaka, halafu tuambiwe ni ipi isiyowezekana.

"Tuna mashine za skana." Tunazo, na zinasaidia. Skana inaona umbo na msongamano wa kitu, na picha yake inasomwa na mtu mwenye usingizi, mbwa ananusa. Kimoja kinakamata kilichompita mwenzake. Na hakuna skana inayofuata nyayo porini usiku.

"Watu wetu hawapendi mbwa, na dini inakataza." Hili tunalichukua kwa uzito wake, kwani pwani mate ya mbwa kwenye kanzu ni usumbufu wa kweli kwa mtu anayekwenda kuswali. Lakini sura ya Al-Maida, aya ya 4, inaruhusu kula kilichokamatwa na wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na wafasiri wanawataja mbwa humo. Dawa iko kwenye utaratibu: mabegi yapangwe chini kwa mstari, nafasi ya mita moja, abiria wasimame nyuma ya kamba, mbwa wa kukaa na kukodoa atumike badala ya anayeparua. Mbwa akigusa nguo ya abiria, askari aombe radhi na aonyeshe bomba la maji. Malalamiko mengi yanatokana na mbwa kupitishwa kati ya miguu ya watu, jambo ambalo hata sisi tumelikataza darasani.

Tunachoomba

Kwanza kabisa, kasma ya pekee ya mbwa wa kazi katika bajeti ya mwaka ujao wa fedha, isiyoweza kuhamishwa, inayohesabiwa kwa kichwa cha mbwa. Tukipata hili tu, nusu ya barua hii inafutika.

Pili, kila kituo chenye mbwa kiwe na mizani, kipima joto, darubini au makubaliano ya maandishi na maabara ya jirani, na daktari mmoja anayejulikana kwa jina na namba yake ya simu ikiwa imebandikwa bandani.

Tatu, saa nne za mazoezi kwa wiki ziandikwe kwenye ratiba ya zamu kama lindo lingine lolote, na kila timu ipimwe mara mbili kwa mwaka na mtu wa nje ya kituo. Mbwa atakayeshindwa aondolewe kazini mpaka afaulu, hata kama ndiye aliyepigwa picha.

Nne, mwongoza mbwa asihamishwe kabla ya miaka mitatu bila makabidhiano ya wiki nane, na kazi hii iingizwe kwenye muundo wa utumishi pamoja na posho yake.

Tano, utaratibu wa kustaafu: aliyemwongoza apewe nafasi ya kwanza ya kumchukua, na kituo kiendelee kulipia chanjo na dawa kwa miaka mitatu.

Sita, mikataba na wafadhili isisainiwe bila ukurasa unaosema nani atalisha mbwa siku ya kwanza baada ya mradi kuisha.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, yakionyesha tarehe na afisa mhusika kwa kila ombi. Tupo tayari kuitwa, na tutakuja na daftari za uzito, za dawa na za mazoezi, za vituo vilivyoweza kuziandika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Waongoza mbwa, wakufunzi na madaktari wa mifugo

Nakala:
Kamati za Bunge zinazosimamia usalama na maliasili
Wafadhili wa miradi ya mbwa wa kazi
Wakuu wa vituo vyote vyenye mabanda
Wapishi wa mesi (aya ya 2)